Maabara ya Kiwanda cha Dawa Lazima Iweze Kusema Hapana

Mgonjwa anapopokea vidonge kwenye dirisha la dawa, huona jina la dawa, tarehe ya mwisho wa matumizi na maelekezo ya mfamasia. Asichokiona ni chumba kimoja kilichomo ndani ya kiwanda, ambamo miaka kadhaa kabla ya siku hiyo watu wachache waliamua kidonge hicho kichanganywe na nini, kiyeyuke kwa kasi gani, kifungwe kwa vifungashio vya aina gani na kidumu kwa muda gani katika joto la Tanga au la Tabora. Chumba hicho ni maabara ya utafiti na uendelezaji. Ndicho kinachoamua kwa kiasi kikubwa iwapo dawa itamsaidia mgonjwa au itamsindikiza tu.

Serikali za Afrika Mashariki zimekuwa zikihimiza dawa zitengenezwe nyumbani. Sababu zake zinajulikana. Sehemu kubwa ya dawa zinazotumika katika hospitali na zahanati zetu bado hutoka nje, hasa India na China, na janga la UVIKO-19 lilionyesha jinsi milango inavyoweza kufungwa wakati ule ule bidhaa zinapohitajika zaidi. Mjadala wa viwanda hivyo, hata hivyo, umejikita katika mitambo, mitaji, ardhi na kodi. Ni mara chache kusikia swali la nani ataiongoza maabara ya utafiti, atawajibika kwa nani, na atakuwa na nguvu gani siku atakapogundua kwamba dawa haiko tayari kwenda sokoni.

Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo lilipaswa kutangulia mengine yote. Mashine ya kukandamiza vidonge huweza kununuliwa na kufungwa katika kipindi kifupi. Uongozi wa maabara hujengwa kwa miaka, na unapokosekana, anayelipa gharama si mwenye kiwanda peke yake. Analipa pia mama mjamzito, mtoto mwenye homa na mhudumu wa afya anayelaumiwa kwa matibabu yasiyofanya kazi.

Maabara mbili, kazi mbili

Watu wengi, hata miongoni mwa wahudumu wa afya, hudhani kwamba kiwanda cha dawa kina maabara moja ya kupima bidhaa. Kwa kweli kazi ni mbili. Maabara ya udhibiti wa ubora huchukua sampuli za kila toleo na kuzilinganisha na viwango vilivyokwisha kuwekwa. Maabara ya utafiti na uendelezaji ndiyo inayoviweka viwango hivyo kwa dawa husika na kutafuta njia ya kuvifikia. Ya kwanza huuliza kama dawa imetengenezwa kama ilivyopangwa. Ya pili huuliza kama mpango wenyewe ni sahihi. Mpango ukiwa na kasoro, hata kipimo cha uangalifu mkubwa kinaweza kuthibitisha tu kwamba kasoro hiyo imetekelezwa kwa usahihi.

Mfano ulio karibu ni SP, dawa anayopewa mama mjamzito kliniki ili kumkinga dhidi ya malaria. Kila kidonge kina miligramu 500 za sulfadoksini na miligramu 25 za pirimethamini, na dawa hizo mbili haziyeyuki kwa urahisi katika maji. Kwa hiyo kidonge kinaweza kuwa na kiasi kamili kilichoandikwa kwenye pakiti na bado kikapita tumboni bila kuachia dawa ya kutosha kuingia katika damu. Tafiti zilizofanywa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuta hali ya namna hiyo: baadhi ya vidonge vya SP vilivyokuwa sokoni vilikuwa na kiasi sahihi cha dawa, lakini vikashindwa kipimo cha kuyeyuka.

Kasoro kama hiyo si lazima itokane na udanganyifu. Huweza kutokana na unga wa dawa usiosagwa laini ya kutosha, gundi iliyozidi, au nguvu kubwa mno ya kukandamiza kidonge. Huweza pia kutokana na magnesiamu stearati, unga mlaini unaowekwa kwa kiasi kidogo ili mchanganyiko usigande kwenye mashine. Unga huo hukataa maji. Ukichanganywa kwa dakika chache hufanya kazi yake vizuri. Ukichanganywa kupita kiasi huzivika chembe za dawa na kuchelewesha kuyeyuka kwake. Fomula iliyofanya kazi vizuri katika chombo cha kilo 2 maabarani inaweza kushindwa katika pipa la kilo 300 kiwandani, kwa sababu tu pipa huzunguka kwa namna nyingine. Kuvuka kutoka kilo 2 hadi kilo 300 kunahitaji majaribio ya hatua kwa hatua, na hiyo ni kazi ya maabara ya utafiti. Anayeiruka hatua hiyo anafanya majaribio yake kwa wagonjwa.

Kisha linakuja suala la hali ya hewa. Dawa iliyobuniwa kwa ajili ya Ulaya ya kaskazini haijaahidi kuishi katika stoo ya bati huko Kilwa. Ndiyo maana wataalamu huweka dawa, ikiwa ndani ya vifungashio vyake halisi, katika makabati yenye nyuzi joto 40 na unyevunyevu wa asilimia 75 kwa miezi 6, na wakati huo huo katika hali inayofanana na ya ukanda wa joto, nyuzi 30 zenye unyevunyevu wa asilimia 65 au 75, kwa muda wote inaotarajiwa kudumu. Kila baada ya miezi kadhaa sampuli hutolewa na kupimwa. Tarehe inayoandikwa kwenye pakiti hutokana na subira hiyo. Hakuna njia ya mkato ambayo haimgusi mgonjwa.

Funzo la mwaka 1937

Anayetaka kuona kinachotokea maabara inapoongozwa na mahitaji ya mauzo peke yake aangalie kisa cha Marekani cha mwaka 1937. Sulfanilamaidi, mojawapo ya dawa za kwanza kufanikiwa dhidi ya bakteria, ilikuwa ikitumika kwa vidonge na unga bila matatizo makubwa. Wauzaji wa kampuni ya S. E. Massengill, ya mji wa Bristol jimboni Tennessee, walileta habari kwamba wateja wa majimbo ya kusini walitaka dawa hiyo ikiwa ya maji. Mkemia mkuu wa kampuni alitafuta kiyeyushi, akagundua kwamba sulfanilamaidi huyeyuka vizuri katika daiethilini glaikoli, na akatengeneza dawa tamu yenye harufu ya matunda. Maabara ya kampuni iliipima ladha, mwonekano na harufu. Haikuipima sumu yake. Septemba mwaka huo shehena zikasambazwa nchini kote.

Daiethilini glaikoli huua figo. Watu zaidi ya 100 walikufa katika majimbo 15, wakiwemo watoto waliopewa dawa hiyo kwa maumivu ya koo. Sheria ya wakati huo haikumlazimu mtengenezaji kuthibitisha kwamba dawa mpya ni salama, hivyo kosa ambalo kampuni ilishtakiwa kwalo lilihusu jina lililotumika kwenye chupa. Mwaka uliofuata, 1938, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowataka watengenezaji waonyeshe usalama wa dawa kabla ya kuiuza.

Jambo la kuzingatia ni kwamba maabara ilikuwepo na mkemia alikuwepo. Kipimo cha sumu kwa wanyama kilikuwa kinajulikana na kingeweza kufanyika. Kilichokosekana ni utaratibu uliomtaka mtu mmoja aulize swali la usalama na kumpa mamlaka ya kuzuia shehena hadi jibu lipatikane. Maabara iliulizwa kama dawa inaweza kuwa ya maji, ikajibu hilo na kunyamaza.

Asiyetaka kuiita hiyo historia ya kale akumbuke Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa tahadhari kuhusu dawa 4 za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli. Zilihusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60 kwa kushindwa kwa figo. Mwaka huo huo Indonesia nayo ilipoteza watoto wengi kwa sababu ya aina hiyo hiyo. Safari hii sumu haikuchaguliwa kuwa kiyeyushi. Aina hii ya uchafuzi huingia kwa njia ya malighafi kama gliserini au propilini glaikoli, ambazo huweza kuchanganywa na vimiminika vya bei nafuu kabla ya kufika kiwandani. Kipimo cha kuitambua kinajulikana na si cha gharama kubwa. Kinachotakiwa ni kiwanda kukubali kwamba kila pipa la malighafi lipimwe kabla ya kufunguliwa kwa matumizi, hata kama mteja anasubiri na lori limeshafika getini.

Maabara zilizoruhusiwa kuuliza

Historia hiyo hiyo ina upande mwingine unaotia moyo. Pirimethamini iliyomo ndani ya SP, na trimethoprimu iliyomo ndani ya Septrin, zilitoka katika maabara ya kampuni, nayo ni ile ya Burroughs Wellcome iliyokuwa Tuckahoe, jimbo la New York. Kiongozi wake alikuwa George Hitchings. Mwaka 1944 alimwajiri Gertrude Elion, mwanamke asiyekuwa na shahada ya uzamivu, wakati ambapo wanakemia wanawake walikuwa wakikataliwa katika maabara nyingi. Hakumfungia katika kazi ya kupika kemikali peke yake. Alimwachia afuate swali lake hadi katika baiolojia na famakolojia. Badala ya kujaribu kemikali kwa kubahatisha, walichunguza jinsi seli za vijidudu na za binadamu zinavyojenga asidi za kiini, na wakatafuta mahali zinapotofautiana. Kutokana na njia hiyo zilipatikana dawa za saratani ya damu, za jongo, za malaria na za bakteria. Hitchings na Elion walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, pamoja na James Black.

Mfano wa pili unagusa moja kwa moja vijiji vya Mahenge, mkoani Morogoro, ambako ugonjwa wa usubi umewasumbua watu kwa vizazi. Ivamektini ilianza kama dawa ya mifugo. Ilitokana na bakteria wa udongo aliyepatikana Japani kwa kazi ya Satoshi Ōmura, na ikaendelezwa katika maabara za Merck huko Marekani. William Campbell, mtaalamu wa minyoo katika maabara hizo, alipoona kwamba dawa inaua viluwiluwi vya mnyoo wa farasi aliye ndugu wa mnyoo wa usubi, alipendekeza kwa wakuu wake ijaribiwe kwa binadamu. Kwa hesabu za biashara pendekezo lile halikuwa na mvuto, kwa kuwa wagonjwa walikuwa maskini wa vijijini wasioweza kununua dawa. Mkuu wa utafiti, Roy Vagelos, aliliruhusu. Majaribio ya kwanza kwa wagonjwa yalifanyika Dakar, Senegali, mwaka 1981 chini ya Mohammed Aziz, daktari wa Merck. Mwaka 1987 kampuni ilitangaza kuitoa dawa hiyo bure kwa ajili ya usubi. Campbell na Ōmura walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Haitakuwa haki kuzisifu kampuni hizo kana kwamba faida haikuwahusu. Zilikuwa za biashara, na fedha za utafiti zilitokana na mauzo ya dawa nyingine. Hapo ndipo lilipo funzo kwa viwanda vyetu: biashara na utafiti vinaweza kukaa nyumba moja, mradi kuwe na kiongozi anayejua lini mfanyabiashara asikilizwe na lini asubiri.

Kinachotakiwa kwa kiongozi

Kwanza ni mamlaka. Kanuni za WHO za utengenezaji bora wa dawa zinataka mkuu wa uzalishaji na mkuu wa udhibiti wa ubora wasiwe chini ya mmoja wao, ili anayepima asimwogope anayezalisha. Maabara ya utafiti nayo inastahili ukuta wa namna hiyo. Ikiwekwa chini ya idara ya mauzo, itaulizwa kila wiki lini dawa itakuwa tayari, na siku moja itachoka na kusema iko tayari. Mkuu wa maabara anapaswa kuripoti kwa mkurugenzi mkuu au kwa bodi moja kwa moja, na uamuzi wake wa kusimamisha bidhaa usitenguliwe ila kwa maandishi yenye jina na saini ya anayeutengua. Watu wengi hupungua ujasiri wa kufanya jambo baya wanapotakiwa kulitia saini.

Pili ni muda. Ratiba ya kiwanda lazima ianze kuhesabiwa kutoka mwisho wa majaribio ya uthabiti. Isianze kwa tarehe ya zabuni kisha majaribio yakabanwa yaitoshee. Miezi 6 ndani ya kabati la nyuzi 40 haiwezi kufanywa miezi 3 kwa kuongeza wafanyakazi. Kiongozi anayeahidi Bohari ya Dawa kitu ambacho maabara yake haijakithibitisha anakopa kwa jina la mgonjwa.

Tatu ni kumbukumbu. Daftari la maabara ni mali ya thamani kuliko mitambo mingi. Kila jaribio liandikwe siku lilipofanyika, likiwa limefaulu au limeshindwa, liwe na tarehe na saini, na lisomwe na mtu wa pili. Majaribio yaliyoshindwa yana thamani ya pekee, kwa sababu humwokoa mtafiti wa kesho asirudie kosa la jana. Kiongozi anayemkaripia kijana kwa jaribio lililoshindwa anamfundisha kuficha, na maabara inayoficha makosa yake hatimaye humficha pia mkaguzi na daktari.

Nne ni watu na vifaa. Mashine ya kromatografia huvutia macho ya wageni siku ya uzinduzi, lakini kazi yake hutegemea vitu visivyopigwa picha: viyeyushi safi, sampuli rejea zisizopitwa na muda, vipuri, umeme usiokatika katikati ya kipimo, na fundi anayeijua mashine. Bajeti isiyotenga fedha za mambo hayo hununua sanamu. Vivyo hivyo kwa wataalamu. Ufamasia wa viwandani haujifunzi kwa vitabu pekee. Moshi, Shule ya Famasia ya Kilimanjaro imefundisha wataalamu wa viwanda na wasimamizi wa dawa kutoka nchi mbalimbali za Afrika kwa kushirikiana na walimu wa vyuo vikuu vya Purdue na Howard vya Marekani, na Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Muhimbili kina maabara ya kuendeleza dawa. Kiwanda kinachompoteza mtaalamu aliyefunzwa hivyo kwa sababu ya tofauti ndogo ya mshahara, kisha kikamwajiri mgeni kwa gharama kubwa zaidi, hakijabana matumizi.

Tano ni sikio lililoelekezwa hospitalini. Kwa miaka mingi wauguzi na wazazi walivunja vidonge vya watu wazima, wakavisaga na kuvichanganya na maji ili kumpa mtoto dawa ya malaria. Kipimo kilikuwa cha kukisia, na uchungu ulimfanya mtoto aiteme. Jibu lilikuja maabara ilipokubali kwamba hilo ni tatizo lake: kidonge cha mseto cha watoto kinachoyeyuka katika maji kidogo, kilichoendelezwa na Novartis kwa kushirikiana na Medicines for Malaria Venture na kuanza kutumika mwaka 2009. Majaribio yake yalifanyika Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Tanzania. Swali lililozaa kidonge hicho lilitoka wodini. Kiwanda kilichopo mwendo wa saa moja kutoka hospitali ya rufaa hakina udhuru wa kutouliza.

Pingamizi zinazostahili jibu

Wapo watakaosema kwamba viwanda vyetu hutengeneza dawa zilizokwisha kugunduliwa, hivyo havihitaji utafiti. Mfano wa SP umekwisha kuonyesha udhaifu wa hoja hiyo. Dawa isiyo na hataza bado inahitaji fomula, na fomula hutegemea malighafi, mashine na hali ya hewa ya mahali inapotengenezwa.

Wengine watasema teknolojia inaweza kununuliwa. Ni kweli, na si aibu. Vyandarua vyenye dawa ndani ya nyuzi zake vilianza kutengenezwa Arusha na kiwanda cha A to Z kwa teknolojia ya kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani, na vimewafikia watu wengi sana. Huko Luzira, Kampala, kiwanda cha Quality Chemical kilianza kutengeneza dawa za kupunguza makali ya VVU na za malaria kwa ushirikiano na Cipla ya India. Lakini anayepokea teknolojia lazima awe na watu wanaoweza kuielewa, kuuliza kwa nini hatua fulani ipo, na kutambua inapokwenda kombo baada ya mwalimu kurudi kwao. Asiye na maabara hupokea kitabu cha maelekezo tu.

Pingamizi la tatu ni kwamba msimamizi wa serikali yupo. Tanzania ina haki ya kujivunia hilo: mwaka 2018 mamlaka yake ya dawa, ambayo sasa ni TMDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na WHO kufikia ngazi ya 3 ya ukomavu. Hata hivyo mkaguzi huona kiwanda kwa siku chache na hupima sampuli chache. Ubora hauwezi kuingizwa katika dawa kwa kupimwa baada ya kutengenezwa; lazima uwe umebuniwa ndani yake tangu mwanzo. Mamlaka imara humlinda mgonjwa zaidi inapokutana na maabara imara, na hulemewa inapoachiwa kazi ya kiwanda.

Pingamizi zito kuliko yote ni gharama. Viwanda vyetu ni vidogo, soko limegawanyika, na zabuni humpendelea mwenye bei ya chini. Hapa lawama haiwezi kubebwa na kiwanda pekee. Mnunuzi wa umma anayeangalia bei tu anaadhibu kiwanda kinachotumia fedha kwa majaribio ya uthabiti na kukizawadia kinachoyaruka. Dawa itakayoshindwa kumtibu mgonjwa si rahisi, hata kama imenunuliwa kwa nusu bei, kwa kuwa itafuatwa na kulazwa, dawa ya pili na pengine msiba. Kwamba jambo hili linawezekana katika ukanda wetu kumethibitishwa na kiwanda cha Universal Corporation cha Kikuyu, Kenya, ambacho SP yake imefikia viwango vya WHO vya kununuliwa na mashirika ya kimataifa. Hakikufika hapo kwa mashine peke yake.

Wajibu wa hospitali na wa mgonjwa

Maabara ya kiwandani haiwezi kurekebisha isichokisikia. Mhudumu wa afya anayeona dawa isiyofanya kazi kama ilivyotarajiwa, au kidonge kinachobomoka, au dawa ya maji iliyobadilika rangi, hapaswi kuishia kunung'unika na kubadilisha chapa. Aandike jina la dawa, jina la mtengenezaji, namba ya toleo na mahali ilipohifadhiwa, kisha atoe taarifa kwa mamlaka kwa taratibu zilizopo. Kwa madhara ya dawa, fomu ya njano ya TMDA ipo kwa kazi hiyo. Namba ya toleo ndiyo uzi unaomwezesha mtaalamu wa kiwandani kurudi hadi kwenye pipa la malighafi. Taarifa isiyo na namba hiyo humwacha gizani.

Mtoaji dawa naye akumbuke kwamba uthabiti ulipimwa dawa ikiwa ndani ya vifungashio vyake. Anapovitoa vidonge katika pakiti na kuvitia katika bahasha ya karatasi, tarehe iliyoandikwa na kiwanda haina tena uzito ule ule. Aspirini hutoa mfano rahisi: ikipata unyevunyevu huanza kunuka siki, kwa sababu imeanza kuvunjika.

Mgonjwa ana nafasi yake pia. Dawa isiwekwe juu ya friji yenye joto, dirishani palipo na jua, wala ndani ya gari. Ikibadilika rangi au harufu, irudishwe kwa mfamasia pamoja na pakiti yake. Na anapoambiwa kwamba dawa fulani imetengenezwa nchini, asiikatae kwa dharau wala asiipokee kwa uzalendo mtupu. Ana haki ya kuuliza kama imesajiliwa.

Uamuzi wa kujenga viwanda vya dawa umekwisha kufanywa, na ni uamuzi mzuri. Kilichobaki ni kuamua vitakuwa viwanda vya namna gani. Wizara zinazotoa vibali, benki zinazokopesha na bodi zinazoajiri zinapaswa kuomba, pamoja na mchoro wa jengo na orodha ya mitambo, maelezo ya maabara ya utafiti: mkuu wake ni nani, anaripoti kwa nani, ana bajeti gani ya miaka 5, na ni nani mwenye mamlaka ya kumpinga. Kiwanda kisichoweza kujibu maswali hayo manne hakijawa tayari kumtengenezea mtu dawa.